Kabati Namba Saba

Nianze na kosa langu, kabla hujalisikia kwa mtu mwingine atakayelitia chumvi. Mimi ndiye niliyesaini ripoti iliyosema laini ni nzima. Ukurasa mmoja, mistari sita, na chini yake saini yangu imejikunja kwa madaha kama ya mgeni rasmi. Nilipima laini, nikaikuta nzima, nikaandika nzima, nikaenda zangu kula. Kwa karatasi hiyo Mama Pacha akasimamishwa kazi.

Mama Pacha ni mwendesha mitambo kwenye kiwanda cha maziwa, na mimi ndiye fundi wa mtandao wao. Usifikirie mtandao wa kutazamia mpira. Ni waya mmoja wa zambarau unaopita kabati hadi kabati, ukipeleka habari za vali na pampu mpaka kwenye skrini ya chumba cha uendeshaji: hii imefungwa, hii iko wazi, tangi hili limejaa. Waya ukikatika mawasiliano, skrini haizimiki. Inabaki na habari ya mwisho iliyopata, kama mtu anayesoma gazeti la jana akidhani ni la leo. Kuna taa ndogo ya njano inayowaka pembeni kukutahadharisha, lakini unahitaji macho ya mwewe kuiona.

Siku kumi na moja kabla ya asubuhi ninayoisimulia, mabomba yalikuwa yanaoshwa kwa maji ya moto yenye dawa. Fundi bomba akauliza kwa redio kama vali ya kumi na nne imefungwa. Mama Pacha akatazama skrini, akamjibu imefungwa. Fundi bomba akalegeza bomba. Vali ilikuwa wazi, na maji yakamuunguza mkono wote wa kulia na upande wa shavu.

Fundi bomba huyo ni shemeji yake, mdogo wa mumewe. Na ni Mama Pacha mwenyewe aliyemtafutia kazi pale.

Basi asubuhi ile, saa moja kamili, nilikuwa mbele ya meza ya meneja wa uzalishaji nikiomba muda. Nilimwambia ripoti yangu naitilia shaka. Akaniuliza naitilia shaka kwa sababu gani, nikamwambia kwa sababu namjua aliyeiandika. Hakucheka. Kamati ya nidhamu ilikuwa inakaa saa nne, na wakimkuta Mama Pacha na hatia, siyo kazi tu inayokwenda. Jalada linapelekwa polisi. Akanipa mpaka hiyo saa nne, kwa sharti kwamba afisa usalama asibanduke ubavuni pangu, nisije nikaiharibu laini mwenyewe ili nipate la kusema.

Kisha akanisukumia karatasi. Ilikuwa imetolewa kwenye kompyuta ya mtambo: kila mara laini ilipokatika ndani ya wiki sita, tarehe, saa, sekunde ngapi. Mikatiko thelathini na moja. Wa siku ya ajali ulidumu sekunde arobaini na moja, na ndani ya sekunde hizo vali ya kumi na nne ilifunguka. Meneja alikuwa amechora duara jekundu kila palipokatika kwenye zamu ya Mama Pacha.

Maduara ishirini na saba.

Nikataka kusema labda ni joto la mchana, au unyevu wa usiku. Akanitangulia. Zamu zao huzunguka, wiki hii asubuhi, wiki ijayo jioni, inayofuata usiku. Mikatiko ilimfuata yeye kokote alikohamia.

"Niambie, fundi," akasema. "Laini gani hii inayojua nani yuko zamu?"

Yeye jibu alikuwa nalo tayari. Mama Pacha alikuwa na tabia ya kuchomoa plagi kwenye kabati namba saba, pengine apate kupumzika, na siku ya ajali alifungua vali kwa makosa akachomoa ili kumbukumbu ikatike. Kwenye kumbukumbu zote, kabati linalopotea ni hilo hilo la saba.

Nilitoka mle na karatasi yake mkononi.

Afisa usalama, ambaye kiwanda kizima kinamwita Bi Usalama, alikuwa ananisubiri na kofia ngumu mbili. Ni mama mfupi, mkali wa macho, anayetembea kama amechelewa hata akiwa amewahi. Aliniuliza tunaanzia wapi. Nikamwambia tunaanzia pale ambapo ningeanzia kama ningekuwa fundi mwingine, anayenichukia.

Kabati namba saba liko chini ya pampu kubwa ya kuoshea, ubavuni mwa ukuta wenye vigae vyeupe. Nikafungua mlango, nikachomeka laptopu yangu, nikaiweka juu ya ndoo. Mtuhumiwa wangu wa kwanza alikuwa kebo nene ya ile pampu. Aliyeifunga aliilaza kwenye trei moja na waya wa zambarau, bega kwa bega, mita kumi na moja. Kebo ya namna hiyo ina kelele za umeme, na laini ikilala karibu nayo inasikia mambo yasiyoihusu, kama nyumba zenye ukuta mwembamba. Nilifurahi kuiona, sikufichi. Nikaomba kwa redio pampu iwashwe kwa kasi ya juu kabisa. Sakafu ikatetemeka, meno yakatetemeka. Tukakodolea laptopu macho dakika ishirini. Makosa: sifuri.

Mtuhumiwa wa pili alikuwa ncha za laini. Kila ncha inatakiwa kuwa na kizuizi kidogo, la sivyo ujumbe unagonga mwisho na kurudi kama mwangwi. Nikaenda ncha hii, kipo. Nikatembea kiwanda kizima hadi ncha ile, kipo. Wa tatu, anwani. Makabati mawili yakipewa namba moja yanajibu kwa pamoja, na hapo hakuna kusikilizana. Nikazisoma zote kumi na mbili. Kila moja na yake.

Saa mbili na dakika tano. Bi Usalama akaandika kwenye fomu yake: hakuna, hakuna, hakuna. Maandishi yake ni mazuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tukapanda chumba cha uendeshaji. Walikuwepo wawili. Pasi, anayeitwa hivyo kwa sababu ovaroli yake ina mistari inayoweza kukukata kidole, ndiye aliyekuwa zamu. Kocha, anayeitwa hivyo kwa kuwafundisha watu kazi wasiyomwomba, alikuwa ametoka zamu ya usiku na kuambiwa asubiri kikao, maana wote wawili ni mashahidi. Macho yake yalikuwa mekundu. Niliwauliza kwenye zamu zao laini inakatika mara ngapi. Pasi akasema hakumbuki hata mara moja. Nikamwambia kompyuta inamkumbukia mbili, na Kocha mbili. Wakatazamana, wakasema basi hizo.

"Mzee wa Waya," Kocha akaniambia, "hii laini ni kama mama mkwe. Ukiiheshimu, inakuheshimu."

Nikamwuliza anaiheshimuje. Akasema haigusi. Akaongeza, bila ubaya, kwamba Mama Pacha alikuwa hatulii, kila saa mbili yuko ngazini, anashuka kwenye makabati, anapanda. Anafuata nini kule?

Pasi naye akachomekea: "Mbona hata wewe haikukatikii? Ukija tu inanyooka. Inakuogopa."

Wakacheka, nami nikacheka, maana kauli yenyewe ilikuwa nzuri. Nilipofika ngazi ya tatu kushuka kicheko kikaniisha. Nikamwuliza Bi Usalama: mimi nikifika pale, cha kwanza ninachofanya ni nini?

"Unalalamika juu ya magoti," akasema. "Halafu unafungua mlango."

Tukasimama pale pale ngazini. Mara zote nilizowahi kupima, waya wa laptopu ulipita mlangoni, kwa hiyo mlango haukufungika. Kabati namba saba sikuwahi kulipima likiwa limefungwa. Hata siku moja. Na kazini, likiwa na maji ya moto yanapita juu yake, linakuwa limefungwa saa zote.

Niliteremka zilizobaki kama mwenye magoti mapya. Nikahamishia laptopu kabati la sita, nikaufunga mlango wa la saba, nikaomba pampu. Kasi ya juu. Dakika tano, kumi, kumi na tano.

Sifuri.

Saa mbili na dakika arobaini. Nilimwambia Bi Usalama nina uhakika ni mlango. Akasema kwenye fomu hakuna mstari wa uhakika, kuna mstari wa matokeo.

Lakini yeye alikuwa anatazama kitu kingine. Alikuwa ameufungua mlango tena na kuinama upande wa ndani, penye mfuko wa bati mwembamba ambao kila kabati huja nao, wa kuwekea michoro. Ulikuwa mtupu. Chini yake palibandikwa karatasi. Akaisoma kwa sauti: daftari la ukaguzi likae hapa, lijazwe kila saa mbili, lisitolewe.

"Imesainiwa," akasema, "na mtu mwenye saini ya madaha."

Nilikuwa nimelisahau. Ni mimi kweli. Kulikuwa na manung'uniko kwamba mafundi tunaitwa bila kumbukumbu yoyote, nikanunua daftari la jalada gumu jekundu la kurasa mia tatu, nikatoa agizo: mwendesha mitambo ashuke kila saa mbili, asome taa za kabati, aandike alichokiona, alirudishe daftari mfukoni. Nilijisifu mpaka nyumbani. Mke wangu akaniuliza hilo daftari litafanya kazi gani, nikamwambia litasaidia kujua nini kinaharibu nini.

Sasa lilikuwa wapi?

Lilikuwa juu, kwenye meza ya chumba cha uendeshaji, limekaliwa na kikombe cha Pasi. Akasema amelitoa sasa hivi tu ili aandike. Nikamshukuru, nikalichukua, nikalifungulia dirishani.

Kabla sijakwambia nilichokiona, shika saa. Ilikuwa saa tatu kasorobo. Ukurasa wa siku hiyo ulikuwa na mstari wa saa mbili: taa zote kijani, hakuna hitilafu. Chini yake mstari wa saa nne: taa zote kijani, hakuna hitilafu. Chini yake saa sita.

Nikamwonyesha Bi Usalama. Akatazama saa yake ya mkononi, akatazama ukurasa, akatazama tena saa yake.

"Pasi ameshafika saa sita," akasema. "Mwulize huko leo wamepika nini."

Nikaanza kurudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa. Zamu za Pasi na za Kocha zilikuwa safi mno. Saa zote kamili, dakika hazipo, kalamu moja, mkono mmoja usiochoka, mistari imelala sawa kama imeandikwa mtu akiwa amekaa vizuri na kiwiko chake kimepumzika. Za Mama Pacha zilikuwa fujo. Saa mbili na dakika saba. Saa nne na kumi na tatu. Kalamu ya bluu, halafu nyeusi, halafu bluu inayokwaruza. Herufi zinapanda mlima, kama za mtu anayeandika amesimama, daftari amelibana kwenye mlango. Ukurasa mmoja ulikuwa na tone la maji lililofifisha neno "kijani". Kila baada ya saa mbili alikuwa anashuka kweli, anasoma kweli, anaandika kweli, na analirudisha daftari kwenye mfuko wa mlango kama agizo linavyosema.

Wenzake walilikalisha mezani.

Tulishuka tena, na safari hii Bi Usalama ndiye aliyetangulia. Akalitumbukiza daftari mfukoni. Mfuko ule uliundwa kwa karatasi tano sita. Daftari lilitokeza nje kama mkate kwenye mfuko wa shati. Akausukuma mlango. Haukufunga. Akausukuma kwa nyonga, ukafunga. Nikaomba pampu.

Dakika ya kwanza, sifuri. Ya tatu, sifuri. Ya sita nikaanza kutunga kichwani barua ya kumwomba Mama Pacha msamaha, na sikujua inaanzaje. Ya nane, pampu ilipobadilisha kasi na vigae vikaanza kulia, namba kwenye laptopu ikawa moja. Kisha kumi na nne. Kisha mstari mzima wa kabati la saba ukawa mwekundu.

Bi Usalama alikuwa anahesabu kwa mdomo. Thelathini na nane, thelathini na tisa. Nikavuta mlango, na laini ikarudi yenyewe kabla sijagusa kitu.

Tukarudia mara tatu, maana mara moja ni bahati. Mara zote tatu. Kisha nikamulika ndani kwa tochi. Pembe ya jalada, pale mlango unapofungwa, inakandamiza plagi ya waya wa zambarau kwa ubavu. Plagi ilikuwa na kovu dogo, na ndani ya kovu palikuwa na unga mwekundu wa jalada. Ikikandamizwa tu haikatiki. Ikikandamizwa na ikitikiswa, inaachia, na kabati lililokosa laini huachia vali zake zifunguke.

Bi Usalama akaomba karatasi ya meneja. Akatafuta ile mikatiko minne ambayo si ya Mama Pacha, akafungua simu yake, akalinganisha tarehe. Zote nne zilikuwa siku alizopita yeye kukagua. Siku akikagua, kila kitu kinakuwa mahali pake, na daftari pia.

Mimi nikatafuta tarehe moja tu, ya agizo langu. Mkatiko wa kwanza ulitokea kesho yake.

Saa nne kasoro dakika sita tulikuwa kwenye korido ya ofisi. Mama Pacha alikuwa kwenye benchi, kitambaa kichwani, mkoba magotini ameushika kwa mikono miwili. Nikamsalimia, nikamwuliza hali ya mgonjwa. Akasema anasikia anaendelea vizuri. Anasikia, kwa sababu mama mkwe wake amekaa mlangoni mwa wodi na hamruhusu kuingia.

"Nilimwambia shemeji imefungwa kwa sababu niliiona imefungwa," akasema. "Nimewaambia hivyo watu wote, kaka. Hata mume wangu ananiambia nifikirie vizuri."

Nilitaka kumweleza yote pale pale, lakini mlango ukafunguliwa.

Nililiweka daftari mezani, nikaweka plagi yenye kovu, nikaweka karatasi za majaribio matatu na saini ya Bi Usalama. Nikaanza na langu: agizo ni langu, daftari ni langu, ripoti iliyosema laini ni nzima ni yangu, na kama kuna jina la kuandikwa, langu litangulie. Nikawaeleza jinsi kila aliyefuata agizo alivyokatikiwa, na kila aliyelikwepa akabaki salama. Wajumbe wawili waliinama kutazama kovu. Meneja alisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya. Ni mtu anayetaka hesabu ijumlike.

Akasema jaribio amelielewa. Lakini daftari lilikuwepo kwa zamu zote tatu, na kila zamu imesaini chini ya kila ukurasa kwamba imelirudisha mfukoni. Kama lilikuwa mfukoni zamu zote, basi zamu zote zingekatikiwa, na tunarudi pale pale kwa Mama Pacha. Nikamwonyesha ukurasa wa leo, uliofika saa sita kabla ya saa sita. Akasema huo ni wa leo, utashughulikiwa, lakini haumwambii daftari lilikuwa wapi wiki tatu zilizopita. Bi Usalama akatoa tarehe zake nne. Akazipokea, akasema hizo ni siku nne kati ya arobaini na mbili.

"Nionyeshe aliyeliona mezani," akasema. "Mmoja tu. Nifunge hili jambo."

Pasi na Kocha walikuwa wamekaa pamoja upande wa dirisha. Ukutani nyuma yao palikuwa na tangazo la kiwanda, herufi kubwa: kughushi kumbukumbu ni kufukuzwa kazi. Kila mtu mle ndani analijua kwa moyo. Meneja akamwuliza Kocha. Kocha akatazama mezani, akasema kwa sauti ya chini kwamba kila ukurasa umesainiwa. Akamwuliza Pasi. Pasi akasema ukiondoa leo, ni kama mwenzake alivyosema.

Mama Pacha aligeuka kidogo kwenye kiti, akawatazama kama unavyomtazama mtu aliyeshika ufunguo wa nyumba yako.

Nikasimama. Najua kuchekesha watu, ndiyo silaha yangu, nikaitafuta nisiipate. Nikawaambia najua ninachowaomba. Nikawaambia hakuna aliyemdhuru mtu kwa kuliacha daftari mezani. Aliyelitia mlangoni ni mimi, na mgonjwa ni wangu. Nikawaambia meneja ameshika kalamu, na akishaandika hatafuta.

"Ndugu zangu," nikasema, "naomba mmoja wenu aseme daftari lilikuwa linakaa wapi."

Meneja akatazama saa. Mjumbe mmoja akakohoa, akaacha. Pasi alikuwa anatazama sakafu, na Kocha amefumba macho kama aliyeshikwa na usingizi wa zamu ya usiku.

"Kocha," nikasema. "Tafadhali."